Watu sita, Kakamega mwezi wa Agosti: mnunue tenti gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisumu, nalifupisha kidogo: "Tuko watu sita. Mimi na mzee, kijana wa miaka 12, msichana wa 8, kadogo ka miaka 2, na safari hii mama yangu anatoka Mumias kuja na sisi. Agosti tunataka kulala Kakamega Forest siku tatu, alafu Disemba twende Baringo. Gari ni Noah. Nimeona tenti tatu. Moja imeandikwa watu 8, ni kama chumba na ukivuta inasimama yenyewe. Ya pili ni ile ya kurusha inafunguka kama mwavuli, watu 4. Ya tatu ni turubai nzito ya mitumba pale soko la Kibuye. Sijawahi kununua tenti maishani. Nichukue gani, na je Agosti si kutanyesha tujute?"

Dada, nashukuru umetaja kila mtu na umri wake, hata mama umemtaja, juu watu wengi huniuliza "tenti nzuri ni gani" na hawasemi nani atalala ndani. Mimi nakodisha tenti na kuzishona hapa Nakuru, huu ni mwaka wa 14, na tenti zangu zimelala Menengai, Hell's Gate, Elgon, Baringo, na hapo Kakamega mara nyingi kuliko kwingine kote. Kwa hizo tatu ulizoona singechukua hata moja kwa safari yenu. Ningenunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja iliyoandikwa watu 6 na moja ya watu 4, zote za dome, yaani zile za mviringo kama kuba, zote na kifuniko cha nje cha mvua kinachoshuka mpaka karibu na udongo. Sasa wacha nikueleze nimefikaje hapo.

Naanza na mama. Hiyo ya watu 8 ni chumba kimoja na pazia katikati. Mzee wako alale upande huu wa pazia, mama mkwe wake alale ule, wasikie wakikoroma? Huku kwetu magharibi, uwe Mluhya au Mjaluo, mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, na hata kama nyinyi vijana mnaona ni mambo ya zamani, mama atakubali kwa mdomo alafu usiku anatoka polepole anaenda kukaa ndani ya gari mpaka asubuhi. Nimekuta mama wa watu saa kumi na moja alfajiri amejifunga shuka kwa kiti cha mbele cha gari, ameamka na mgongo mbaya, na hakuna aliyemuuliza mapema. Kwa hivyo hesabu milango pia, sio vichwa peke yake. Mama awe na mlango wake.

Na kijana wa 12 naye hafai kulala na wazazi, hilo unalijua. Lakini kwa nyanya yake hakuna shida, wajukuu kulala kwa nyanya ni kitu tumetoka nacho, Wajaluo walikuwa na siwindhe yao, watoto wamejaa kwa nyumba ya nyanya hadithi zikiendelea mpaka usingizi uwabebe. Basi nyinyi mna siwindhe tayari: mama na wajukuu wawili wakubwa tenti moja, wewe na mzee na kale kadogo tenti ya pili, mlango ukiangaliana na mlango, hatua kama tano katikati. Na hapa ndo watu wengi hukosea, wanampa nyanya ile tenti ndogo juu "yeye ni mmoja". Mpe ile kubwa. Mtu wa miaka sitini sabini akiingia tenti ya chini lazima apige magoti na kutambaa, na usiku ataamka si chini ya mara mbili kwenda choo. Tafuta ya watu 6 ambayo katikati ina urefu wa mita 1.8 ama zaidi, aingie akiinama kichwa tu, na umuwekee kitanda cha kukunja ndani asilale chini. Wewe na mzee bado magoti yenu yako sawa, nyinyi ndo mtatambaa.

Sasa namba iliyoandikwa kwa mfuko. "Watu 6" maana yake ni watu sita wamepangwa kama samaki kwa sinia, bega kwa bega, bila begi, bila viatu, bila mtu kujigeuza. Mtu mzima anataka upana wa sentimita 60 hivi, chukua rula mbili za shule za mtoto uziunganishe, hiyo ndo nafasi yenyewe, si kubwa. Tenti nyingi zilizoandikwa watu 6 zina sakafu ya mita 3 kwa 3. Gawanya mita 3 kwa watu 6 unapata sentimita 50 kila mmoja, pungufu hata ya hizo rula mbili. Kwa hivyo usisome namba ya watu, soma vipimo vya sakafu ya ndani, na kama muuzaji hana, mwambie aifungue mpime.

Alafu pima kwa magodoro, hiyo lugha sote tunaielewa. Godoro ya tatu na nusu kwa sita ina upana kama sentimita 107, ile ya tano kwa sita kama 152, na urefu wa zote ni kama 183. Tenti ya mama, mita 3 kwa 3: kitanda cha kukunja kama sentimita 70, watoto wawili kwa tatu na nusu kwa sita, jumla 177, inabaki zaidi ya mita moja ya mabegi na ya mama kupita gizani bila kukanyaga mtoto. Tenti yenu, tafuta kama mita 2.4 kwa 2.1: tano kwa sita inaingia, mnabakiza sentimita themanini na kitu pembeni za begi la nepi na maji ya kunywa. Kabla hujatoa pesa, chukua kamba ya makonge na mawe manne, chora hiyo saizi kwa kompaundi, ama kama mko kwa gorofa chora na chaki kwa sitting room, alafu laleni ndani wote, na mzee pia. Dakika kumi tu, na utajua kitu ambacho picha ya dukani haiwezi kukuambia. Usisahau pia kuta za dome zinaingia ndani kadiri zinavyopanda, kwa hivyo ile sentimita 20 ya mwisho karibu na ukuta usiihesabu kama mahali pa kulala.

Tuje kwa mvua, na hapa nitakaa kidogo juu ndo swali lako lenyewe. Kakamega ndo kipande cha mwisho hapa Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua uliotoka huko Kongo ukafika mpaka kwetu, na kwa mwaka unapata mvua ya milimita 2,000 hivi. Agosti si mwezi mkavu huko, ukitaka ukavu ungoje Disemba mpaka Februari. Lakini mvua ya huko ina tabia yake, asubuhi mara nyingi ni jua, ndege wanalia, unaona ni kama mbingu imesahau, alafu kuanzia saa nane saa tisa mawingu yanajaa na ikianza inamwaga kweli kweli, na radi juu. Hiyo si mvua ya kutisha mtu aliye na tenti ya maana.

Agosti moja nilienda na kikundi cha familia upande wa Buyangu, nusu ya tenti zilikuwa zangu, nusu walikuja nazo wao. Zao zilikuwa zile zenye kifuniko kama kofia, kinafunika juu tu, pembeni ni kitambaa kimoja na neti. Mvua ilianza saa kumi jioni, haikuacha. Kwenye saa nane usiku nikaitwa na baba mmoja, nikaingia na tochi, na sitasahau nilichoona: maji hayakuwa yanatoka juu hata kidogo, juu kulikuwa kukavu. Yalikuwa yanapigwa na upepo kupitia ile neti ya pembeni, yanateremka kwa ukuta, yanafika pale ambapo ukuta unakutana na sakafu, na mshono wa hapo ulikuwa umeshonwa chini kabisa mchangani. Msichana mdogo alikuwa amelala na kichwa kwenye hiyo kona, nusu ya nywele zake zimelowa, nusu kavu, na bado alikuwa amelala fofofo. Tulimbeba na godoro yake tukamweka kwa gari. Tangu siku hiyo mtu akija kwangu na familia simuulizi rangi wala bei, namuuliza kifuniko kinashuka mpaka wapi.

Kwa hivyo ukienda dukani angalia vitu vitatu tu kuhusu mvua. Kifuniko cha nje kishuke pande zote mpaka kibakishe kama shubiri moja kutoka chini. Sakafu isiwe kitambaa tambarare kilichoshonwa ukingoni, iwe imepanda ukuta kama karai, sentimita 10 ama 15, ndo mshono ukae juu ya maji. Na geuza kile kifuniko upande wa ndani uangalie mishono, utaona utepe mwembamba unaong'aa umebandikwa juu ya kila mshono, pitisha ukucha wako pembeni ya huo utepe. Kama unainuka na ukucha, mvua itauinua pia. Kama hakuna utepe kabisa, hiyo ni tenti ya kivuli, rudisha.

Kuhusu namba za milimita, utaona 1000mm, 2000mm, 3000mm, na wauzaji wengine wanakuambia ati inahimili mvua ya milimita hizo. Sio hivyo. Hizo ni za kipimo kingine, wanabana bomba lililo wazi juu ya kitambaa wanajaza maji, urefu wa maji wakati matone yanaanza kupenya ndo namba yenyewe. 1500 ndo mahali watengenezaji wengi huanza kusema haipiti maji, na kwa magharibi ya Kenya mimi singeshuka chini ya 2000 juu, 3000 nikiweza, na sakafu iwe juu zaidi, 5000 hivi, kwa sababu goti la mtu linasukuma kitambaa kwa udongo wenye maji kwa nguvu kuliko tone la mvua. Lakini nakuomba usinunue namba. Tenti ya 2000 yenye kifuniko kamili na utepe kwa mishono italala kavu pale ambapo ya 5000 yenye kofia imejaa maji.

Sasa hizo tatu zako. Ile ya kurusha ni kitu cha watoto kucheza na cha kivuli pale ufuoni Dunga mchana, nyingi zina kitambaa kimoja tu, na kuifungua ni sekunde tatu lakini kuirudisha kwa mfuko ni kazi ya kujifunza, na duara lake ni kubwa, kwa buti ya Noah litakula nafasi ya chakula chenu. Kwa Kakamega hapana kabisa. Ile ya chumba inayosimama yenyewe nakubali inapendeza, kuta zimenyooka, unasimama wima, na kwa mahali pakavu bila upepo ni raha. Tatizo langu ni viungo vya plastiki pale juu ambapo vyuma vyote vinakutana, kimoja kikipasuka tenti nzima imelala, na hicho kiungo hukipati Kisumu wala Nakuru, nimeletewa kadhaa na sikuwa na la kufanya. Na kuta zilizonyooka zinashika upepo kama tanga, ule upepo unaotangulia mvua ya jioni huko kwenu unaujua vizuri, si wa mchezo.

Ile turubai ya Kibuye ndo inaniuma kuikataa. Turubai ya pamba ni kitambaa kizuri sana, inapumua, haina joto kama plastiki, ikilowa nyuzi zinavimba zinaziba zenyewe, na inaweza kuishi miaka ishirini ikitunzwa. Lakini tenti ya familia ya turubai inafika kilo 30 na zaidi ikiwa kavu, ikilowa ndo usiseme, na Kakamega ya Agosti utaifunga ikiwa imelowa, hutaepuka. Ukirudi nyumbani usipoianika siku hiyo hiyo ama kesho yake, ukungu unaingia, na ukungu kwa pamba hauli rangi tu, unakula nyuzi. Kama mngekuwa na kompaundi kubwa na hampandi gorofa ningesema ichukueni. Na kwa mitumba kwa jumla, sipingi, tenti zangu mbili nzuri nilizitoa mitumba, ila lazima uifungue yote pale pale, usikubali "mama iko sawa, iko tu na vumbi". Iinue kwa jua uangalie ndani kama kuna vitundu vinang'aa kama nyota. Pitisha kiganja upande wa ndani wa kifuniko, kama kinanata kama lami ya mchana na kina harufu kama maziwa yaliyoharibika, ile rangi ya plastiki ya kuzuia maji imeoza na hakuna fundi wa kuirudisha. Vuta kitambaa kwa vidole gumba viwili, taratibu, kile kilichokaa juani sana kitachanika kama karatasi. Na hesabu fito. Tenti bila fito zake ni shuka.

Fito zenyewe, nyingi za bei ya chini ni za faibaglasi, si mbaya, ila zikivunjika zinapasuka kwa urefu na zinaacha vijiti vidogo vinavyoingia kidoleni, usiache watoto waziguse. Za alumini zinapinda badala ya kupasuka na ni nyepesi, ukiweza kulipa zaidi lipa hapo. Vyovyote vile beba kipande cha bomba la chuma cha urefu wa kiganja ambacho fito inapita ndani, pamoja na selotepu ya fundi, fito ikivunjika unavisha hicho kipande juu ya kidonda, unafunga, mnalala.

Vigingi vinavyokuja na tenti ni vyembamba, karibu vyote ni vya kutupa. Nenda hadwea ununue misumari ya inchi 6, kama thelathini, hiyo inatosha kwa udongo mgumu wa Baringo na Hell's Gate. Kwa Kakamega udongo ni laini, msumari utatoka kama kijiti kwa uji, kwa hivyo mwambie fundi wa mbao akuchongee vigingi vya mti vya urefu wa futi moja, kumi na mbili vinatosha kona na kamba kuu, na uende navyo kutoka nyumbani, usikate matawi ya msitu. Unapopiga kigingi, kichwa kilale kuelekea mbali na tenti, ncha ielekee chini ya tenti, na hizo kamba za pembeni uzifunge zote hata kama jua linawaka, juu hakuna mtu anayetaka kuzitafuta gizani mvua ikinyesha.

Chini ya tenti wekeni kipande cha turubai ya kawaida, lakini kiwe kidogo kuliko sakafu, kikunjwe ukingo uingie ndani. Kikitokeza nje hata shubiri moja kitakinga maji ya mvua na kuyapeleka moja kwa moja chini ya godoro zenu. Hili ndo kosa naliona kila msimu, kwa watu waangalifu kabisa.

Asubuhi ya kwanza utaona matone ndani ya kifuniko na utafikiri tenti inavuja. Angalia kwanza. Kama matone yametapakaa kila mahali sawasawa, hizo ni pumzi zenu, watu watatu wakipumua usiku kucha kwa msitu wenye unyevu lazima, suluhisho ni kufungua vidirisha vya juu hata kukinyesha. Kama maji yamefuata mstari wa mshono au kona moja, hapo ndo kuna tundu. Na waambie watoto wasiegemeze mabegi ukutani, kitambaa cha ndani kikigusa cha nje maji yanapita pale yalipogusana.

Baringo ni habari nyingine kabisa, huko chini kwenye mita 1,000 hivi Disemba ni joto, adui si mvua. Hapo utaifurahia neti. Hakikisha kila tenti ina neti pande mbili zinazotazamana ndo upepo upite, na mkiona usiku ni safi toeni kifuniko mlale na nyota, ila kiwe karibu. Fagieni mahali kwa mkono kabla ya kutandika, miiba ya migunga inatoboa sakafu yoyote. Na usipige tenti kwa ile nyasi fupi nzuri karibu na maji, fupi hivyo ni kwa sababu kiboko ndo anakata kila usiku, hapo ni mezani kwake. Ulizeni wenye kempi anapita wapi, na mwulize tena hata kama mlishafika huko zamani, maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana miaka hii, ufuo mliouzoea unaweza kuwa ndani ya maji.

Kuhusu mbu, mtu wa Kisumu simfundishi malaria, nasema tu zipu zifungwe kabla ya magharibi, sio mkienda kulala. Na jaribu zipu dukani mara kumi, kona kwa kona, kwa mkono mmoja. Zipu ndo hufa kwanza, hasa na hili vumbi letu la Nakuru, isugue na mswaki mkavu alafu upitishe mshumaa, itateleza. Kwa Kakamega zipu iliyofungwa itawakinga pia na siafu, wenyeji humwaga majivu kuzunguka mahali pa kulala na mimi hufanya hivyo. Mafuta ya taa usimwage karibu na tenti, kamwe.

Na hapa nisikilize vizuri dada, juu una mtoto wa miaka 2 na mama mzee na huko usiku kuna baridi. Jiko la makaa lisiingie ndani ya tenti, hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata kwa kibaraza cha mbele kilichofungwa, hata kwa dakika tano za kupasha joto. Ile hewa ya makaa haina harufu, haikohozeshi, inakulaza tu. Mama akisikia baridi mpe chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso, miguuni, na blanketi moja chini ya mwili wake, sio zote juu, baridi nyingi hutoka chini. Meko ya gesi pia nje, hatua kadhaa kutoka kwa kitambaa.

Radi ikianza kupiga karibu, tenti haikingi mtu, ingieni wote kwa Noah mfunge milango mpaka ipite. Kwa hivyo msiegeshe mbali. Na kabla ya kuchagua mahali inua macho, mti mkubwa wenye tawi lililokauka juu ni mzuri kwa picha tu.

Mkishanunua, kabla ya Agosti, jumamosi moja zisimamisheni zote mbili nyumbani, au kwa mtu mwenye uwanja. Kijana wa 12 ajifunze kuisimamisha ile ya nyanya yake yeye mwenyewe, ataipenda hiyo kazi. Alafu mfungulie maji ya mpira kwa nusu saa juu na pembeni, msichana akae ndani na tochi na karatasi ya tishu, aguse kila mshono na kila kona akuonyeshe mahali tishu imelowa. Mkipata pahali, usipake ile silikoni ya madirisha ya hadwea, kwa hizi tenti za poliesta haishiki, itabanduka yote kama ngozi ya kidonda, omba gundi ya mishono ya tenti yenye asili ya poliurethani, upake upande wa ndani kukiwa kukavu, iache mpaka kesho. Na mkirudi, anikeni mpaka hata kwenye mikunjo ya zipu pawe pakavu, alafu iwekwe kwa gunia la kitambaa bila kubanwa, mbali na stoo ya mabati inayochemka mchana, na bila hata punje moja ya chakula ndani, panya hawaulizi tenti ilinunuliwa pesa ngapi.

Kwa hivyo Agosti nendeni, msiahirishe. Tokeni Kisumu asubuhi mapema, hata mkipitia Mumias kumchukua mama bado mtafika kabla ya saa sita, na msianze na chai wala kutembea kuona nyani. Tafuteni mahali palipoinuka kidogo, mkite ile ya mama kwanza, mmuwekee kitanda chake ndani na ndoo yenye kifuniko karibu na mlango, alafu ndo mkite yenu. Mawingu ya saa tisa yakija yatawakuta mmemaliza.